Kidonda Nilichokianika Juani

Walikuwa wanasema ukipeleka mtoto aliyeungua kwenye hospitali kubwa, wanamchuna ngozi ya paja, halafu wanakurudishia mtoto mwenye vidonda viwili badala ya kimoja. Walisema kuna mtoto wa upande wa Muhuta alirudi hivyo, anatembea kama bata. Nani alimwona? Hakuna. Mimi niliyasikia hayo maneno sokoni Rumonge, kwenye meza za ndagala, hao dagaa wetu wa ziwani, mwaka ule mwanangu Sharifa alipoungua, na hayakunitoka kichwani. Nikipika, yapo. Nikisujudu, yapo. Ijumaa iliyopita nimeyasikia tena pale bisi zinapopakia abiria, yametoka kwenye mdomo wa msichana ambaye mwaka ule alikuwa bado anafundishwa kuvaa viatu. Nikarudi nyumbani, nikachukua daftari.

Nilisoma mpaka darasa la sita tu, kwa hiyo mtanisamehe nikikosea. Sharifa amesema atanisahihisha. Nimemwambia asahihishe herufi, lakini aibu yangu aiache mahali pake, maana ndiyo nataka muisome.

Lazima nianzie Gitaza, la sivyo hamtanielewa. Nilizaliwa kule, kando ya barabara ya Bujumbura, na mama yangu alikuwa mwanikaji wa ndagala. Asubuhi mitumbwi ikirudi tulikuwa tunawamwaga kwenye mchanga uliofagiliwa, mchanga wote unageuka fedha, na mama anapita katikati na ufagio wa mchikichi anawageuza polepole, kanga ameifunga juu ya magoti. Kazi yangu ilikuwa kuangalia milima ya Kongo ng'ambo ya ziwa. Nikiona wingu limekaa juu yake napiga kelele, na wanawake wote wanakimbia na maturubai, wanacheka na kutukanana. Siku tulizochelewa, ndagala walilowa, na kabla ya jioni walikuwa wananuka. Mama alikuwa anawatupa bila kusema neno. Hicho kimya chake nilikiogopa kuliko fimbo.

Nilipofika miaka kumi nilikuwa najua kwa kidole. Unamkunja ndagala: akivunjika na kutoa sauti, yuko tayari, akipinda, bado. Sikuwahi kupewa kipimo kingine cha kitu kizuri na kitu kibaya. Chenye maji kinaharibika. Kilichokauka kimeokoka.

Ule mchanga haupo tena. Ziwa limepanda miaka hii na limeufunika. Nikipita na bisi huwa natazama maji pale alipokuwa anasimama mama, kama vile ufagio wake utaelea.

Sasa nije kwa Sharifa.

Alikuwa na miaka minane. Ilikuwa kiangazi, na mimi nilishaolewa Rumonge na Swedi, fundi wa nyavu. Nyuma ya nyumba nilikuwa napika mawese kwenye sufuria kubwa juu ya mafiga, na Sharifa alikuwa anaruka kamba na wenzake. Nilimwambia mara mbili asogee kule. Mara ya tatu sikumwambia, nilikuwa naongea na Marguerite, jirani yangu, juu ya harusi ya watu. Kamba ikanasa mshikio wa sufuria.

Mawese yalimmwagikia mguu wa kushoto, kuanzia katikati ya muundi mpaka juu ya unyayo. Sitaandika alivyolia.

Marguerite alikimbia kwake akarudi na dawa ya meno. "Mupake hii, mama Sharifa! Inapoza! Iko na baridi ndani!" Tukampaka mguu mzima, mweupe kama ukuta. Mwanamke mwingine akaleta unga wa muhogo. Ziwa zima lilikuwa pale, hatua mia mbili, bomba la jirani lilikuwa karibu zaidi, na katika watu wote wale hakuna aliyetaja maji.

Swedi ndiye aliyembeba mpaka santere, zahanati yetu. Muganga wa zamu, yaani muuguzi, alikuwa Agata, mwanamke mfupi aliyekulia Kigoma, uhamishoni, akarudi na Kiswahili kilichonyooka mpaka Marguerite alikuwa anamwita Redio. Alimtazama Sharifa, akautazama mguu.

"Nani kampaka dawa ya meno?"

Swedi akanitazama mimi.

"Mguu huu una meno?"

Sharifa, pamoja na machozi yake, akacheka. Nilimpenda Agata kwa hilo, na hapo hapo nikamchukia kwa kunionyesha mjinga.

Alimwosha muda mrefu. Akalaza juu ya kidonda gazi yenye vaselini, akafunga bandeji. Lakini kabla ya gazi aliweka mfuko wa plastiki angavu juu ya kidonda, akafuata ukingo wake kwa kalamu, kama mtu anayechora ramani ya kisiwa. Akaandika tarehe. "Mtarudi kila baada ya siku tatu. Kati hapo, mama Sharifa, usifungue. Achezeshe unyayo mbele na nyuma, lakini bandeji usiiguse. Tumeelewana?"

"Ego, ndiyo," nikasema. "Murakoze, asante."

Kesho yake mchana nikafungua.

Nilitaka kuona tu. Nikaona maji. Maji ya njano, yanang'aa juu ya nyama nyekundu, yameloanisha gazi yote. Jamani, mimi ni mtoto wa Gitaza. Kichwani nikasikia kelele zile za wingu. Nikasema huyu muganga anauozesha mguu wa mwanangu ndani ya vitambaa.

Nyuma ya nyumba nilikuwa na meza yangu ya waya, ndiyo ya kuanikia siku hizi badala ya mchanga. Nikawasogeza ndagala upande mmoja. Nikamlaza Sharifa kwenye mkeka juu ya benchi, mguu nikauweka juu ya waya, juani, na nikakaa namfukuzia nzi kwa ukili. Alikuwa anatazama mguu wake na ndagala, ndagala na mguu wake.

"Mama, na mimi niko ndagala?"

"Ego, ndagala wangu."

"Utaniuza?"

"Nani atakununua na kelele zako hizo?"

Akacheka, akalala. Hiyo sauti yake ya miaka minane naikumbuka vizuri kuliko ya jana. Ningependa kuikumbuka bila ule mguu mbele yake, lakini haiji peke yake.

Basi ikawa hivyo kila siku. Asubuhi nafungua, naanika. Kidonda kikaota kigaga cheusi, kigumu, na mimi nikafurahi. Akitembea kigaga kinapasuka, damu inatoka, nakibandua, nafuta yale maji yote mpaka yaishe, naanika upya. Siku ya kwenda santere nabandua kigaga chote, nafunga tena bandeji vizuri, kwa mafundo yale yale ya Agata. Swedi aliniona. "Muganga alisema usifungue."

"Muganga amegeuza ndagala mara ngapi?"

Swedi akarudi kwenye nyavu zake. Ni mtu wa kushindwa haraka kwa maneno.

Wiki ya tatu Agata aliweka plastiki zote mezani, moja juu ya nyingine. Mistari ilikuwa imelaliana. Ule wa mwisho, upande wa kifundo, ulikuwa umetoka hata nje ya wa kwanza. Akazipanga tena.

"Sielewi," akasema. "Mtoto anakula, hana homa, kidonda hakina usaha. Lakini hakisogei. Mama Sharifa, hapa kwenye kifundo sipendi. Kikichelewa kufunga, kovu litavuta unyayo. Nataka niwaandikie muende hospitali. Watachukua ngozi nyembamba kwenye paja, waiweke hapa."

Nilisikia neno moja tu. Paja.

"Oya, hapana," nikasema. Nikamnyanyua Sharifa na bandeji inaning'inia, nikatoka.

Wiki nzima sikurudi. Nikaanika kutoka jua linapochomoza mpaka linapozama. Nilikuwa nimeamua kwamba mwanangu atapona kwa mikono yangu au basi. Hayo ndiyo mawazo ya mtu aliyejazwa maneno ya soko: unaona wewe ndiye unamlinda.

Siku moja alasiri nilikuwa naswali, na Sharifa akaja kusimama pembeni yangu kama alivyozoea tangu mdogo, anafuata ninachofanya. Tulipokaa, akaukunja mguu wa kushoto chini yake. Nikasikia kigaga kinavunjika.

Kilitoa sauti. Ile sauti ya ndagala aliyekauka.

Sikumaliza swala. Nilichukua gazi na bandeji zilizokuwa juu ya meza ya waya, nikamfunga, nikambeba mwenyewe mpaka santere, mtoto wa miaka minane, mgongoni kama kichanga.

Agata hakuniuliza nilikuwa wapi. Alilowesha bandeji kwa maji yake ya chumvi, akaitoa kidogo kidogo, akasimama. Akachukua koleo ndogo. Akanyanyua kitu mbele ya dirisha.

Kilikuwa ndagala. Kadogo, kakavu, kalikuwa kameganda kwenye gazi.

"Huyu," akasema Agata, "amepanda mwenyewe kutoka ziwani?"

Sharifa akasema, "Alikuwa jirani yangu kwenye meza."

Ndipo nikasema yote. Mchanga, wingu, mama, meza ya waya, uvumi wa paja. Nilisema mpaka nikaishiwa. Nilidhani atanitukana. Aliketi kwenye kiti chake, akavunja boksi la glavu, akageuza upande mweupe, akachora.

"Baba yangu alikuwa anavua na taa," akasema. "Kule Kigoma, usiku usio na mwezi. Wewe unajua. Taa ikiwaka, ndagala wanafanya nini?"

"Wanakuja."

"Wanakuja. Sasa sikiliza. Ngozi ikiumia, damu na chembe zake zinawasha taa kwenye kidonda. Ni vitu vidogo sana, mwili wenyewe unavitengeneza. Tunaviita vichocheo vya ukuaji." Akaandika pembeni kwa Kifaransa, facteurs de croissance, na ile karatasi ninayo bado. "Kila kimoja kina kazi yake. Kimoja kinaita chembe za usafi zije zile uchafu. Kingine kinaita mishipa midogo ya damu iote. Kingine kinaziambia chembe za ngozi zilizo ukingoni: gawanyikeni, muwe wengi, tambaeni mpaka mkutane katikati. Na hizi taa ziko wapi, mama Sharifa?"

Nilishaona jibu linakuja.

"Ziko kwenye yale maji ya njano. Na chembe za ngozi hazitambai juu ya pakavu. Zinakwenda kwenye unyevu, kama samaki. Ukikausha, zinabaki ukingoni, au zinahangaika kujichimbia njia chini ya kigaga. Kila asubuhi wewe ulikuwa unapita unafuta taa zote, halafu unabandua na wale wachache waliofika."

Kilikuwa chumba kidogo, na nakumbuka kilikuwa kinanuka dawa na maembe, mtu aliacha maembe kwenye dirisha. Nilikuwa nawaza mama na ufagio wake. Hakunidanganya. Alinifundisha samaki. Mimi ndiye niliyechukua ya samaki nikayaweka kwa mtu.

"Na kidonda kikinuka?" nikauliza. "Maji si yananuka?"

"Usaha ni kitu kingine. Mzito, wa kijani, unanuka vibaya, pembeni panakuwa pekundu na moto, mtoto ana homa. Hapo unakimbia kuja kwangu, huanzi kufua wala kupika. Lakini maji haya mepesi ni kazi inaendelea."

Alimpigia simu daktari palepale, kwa Kifaransa cha haraka. Alipokata akainua vidole vyote. "Siku kumi. Kidonda kibaki kimefungwa na unyevu wake, nikifungua mimi tu. Kikisogea, tunaendelea. Kisiposogea, mnakwenda hospitali, paja au si paja. Unakubali?"

Nikakubali. Mguu wa mwanangu ulikuwa umewekwa kwenye siku kumi, na sikutakiwa kufanya chochote. Hakuna kazi ngumu kama hiyo. Siku ya pili bandeji ilikuwa na doa la maji, na mikono yangu ikaanza kuwasha. Nikaenda kwa Marguerite, nikamwambia aje akae mlangoni.

"Nikuchunge wewe?" akasema. "Mwanamke mzima?"

"Unichunge. Wewe ndiye uliyeleta dawa ya meno, kwa hiyo una deni na huu mguu."

Akaja na muhogo wake wa kumenya. Kila nikimsogelea Sharifa ananyanyua kisu: "Hee! Redio amesema nini? Umuguse uone, nitapiga kelele mpaka Bugarama!" Sharifa alikuwa anacheka mpaka anakwama. Nilimpikia ndagala kila siku, wa kula sasa, na maharagwe, na yai likipatikana, maana Agata alisema ngozi haijengwi kwa hewa.

Mara mbili katikati hapo Agata alifungua na kufunga, na hakuniruhusu nitazame. "Macho yako yana mikono," akasema.

Siku ya kumi aliniita karibu. Gazi ilitoka laini, haikuvuta kitu. Ukingoni palikuwa na utepe wa rangi ya waridi, mwembamba, unang'aa, umezunguka kidonda chote. Na katikati, pale nilipokuwa nabandua, palikuwa na visiwa vidogo viwili vya ngozi, vimetokeza peke yao. Agata alilaza plastiki, akachora. Mstari mpya ulipita ndani ya ule wa zamani. Mara ya kwanza.

Alinipa tu ile plastiki nishike. Nilikuwa nalia juu yake mpaka wino ukaanza kutoka.

"Unaona unavyolowesha?" akasema. "Hapo endelea, hapo panaruhusiwa."

Ilichukua wiki sita nyingine. Kila mstari uliingia ndani ya mwenzake, mpaka wa mwisho ukawa kama punje ya mchele. Wakati mmoja tukisubiri, Agata aliniambia kwamba hata ngozi ambayo haijaumia haikai: inazaliwa chini, inapanda, inafika juu, inapukutika bila sisi kuona, na kila baada ya mwezi hivi umevaa nyingine. Alisema kama mtu anayesema habari za kawaida. Mimi nilirudi nyumbani nimeshika mkono wangu. Mama alikuwa ananipaka mawese mikononi baada ya kazi, kwa sababu magamba ya samaki yalinikata. Nilidhani bado ninayo ile ngozi aliyoipaka. Kumbe ilishakwenda zamani, na nyingine juu yake, na nyingine, kama ule mchanga. Ila nikitazama kidole gumba naona alama ya kisu cha Gitaza, iko palepale. Makovu ndiyo yanayokaa.

Sasa la mwisho, na ndilo lililonifanya niandike. Mguu ulifunga, lakini kwenye kifundo kovu lilivuta. Nilimuuliza Agata siku ya kuagana, anieleze bila kunihurumia: kama nisingeanika, kama ningekwenda hospitali alipotaka kutuandikia?

"Labda pasingevuta," akasema. "Na paja lingepona kwa wiki mbili. Ni ngozi nyembamba tu wanayochukua, na wanaifunika, hawaianiki."

Kwa hiyo ule uvumi ulikuwa na ukweli wake. Vidonda viwili, ndiyo. Hakuna aliyemalizia kwamba vyote viwili vinapona.

Sharifa ana miaka kumi na saba. Unyayo wake wa kushoto haulali chini yake. Tunaposwali, kwenye kikao, yeye anautoa pembeni, na mimi nauona kwa kona ya jicho, mara tano kila siku. Amesoma mpaka hapa sasa hivi, akiwa amesimama nyuma yangu. Amesema, "Mama, andika pia kwamba bado naruka kamba." Basi nimeandika. Anaruka.

Haya ndiyo ya kuepuka. Mtu asiyejua kusoma asomewe.

Usipike mawese wala usichemshe maji mahali watoto wanapochezea.

Mtoto akiungua, usikimbilie dawa ya meno, unga, majivu, mawese wala matope. Usichelewe kumwagia maji safi ya baridi, dakika ishirini, halafu mpeleke santere.

Usipasue malengelenge.

Usikianike kidonda juani, na usikikaushe kwa moto.

Usibandue kigaga, na usivute gazi iliyoganda. Muganga atailowesha.

Usifungue bandeji kwa sababu ya hamu ya kuona.

Usifute yale maji mepesi ukidhani ni uozo. Lakini ukiona usaha, harufu mbaya, wekundu unaoenea au homa, usisubiri hata saa moja.

Usimnyime mgonjwa samaki, mayai na maharagwe.

Usimwache alaze kiungo bila kukichezesha, kama muganga amesema akichezeshe.

Usinunue kwenye meza ya soko mafuta yanayosemwa yanaotesha ngozi.

Usimfiche muganga ulichofanya nyumbani.

Usikatae hospitali kwa sababu ya mtoto wa Muhuta ambaye hakuna aliyemwona.